Siku Tatu Nyuma ya Mlango wa Stoo

Nyumba yetu imekaa kama zinavyokaa nyumba nyingi za vilimani hapa Mwanza: mbele kuna ngazi, nyuma kuna jiwe. Jiwe letu ni kubwa kuliko nyumba yenyewe. Kati yake na ukuta wa jikoni ilibaki nafasi ambayo fundi aliiezeka mabati, akaitia mlango, akatuambia hiyo ni stoo. Haina dirisha. Ina matofali machache ya matundu juu karibu na paa, na ukuta wake wa nyuma ni jiwe tupu, baridi mwaka mzima. Mke wangu aliitaka kwa ajili ya mkaa na madumu ya maji. Mimi niliichukua kwa ujanja, leo nikaingiza meza, kesho taa, hadi siku moja mkaa ukajikuta nje unanyeshewa.

Humo ndimo ninamokereza. Mashine nimeiunda mwenyewe kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, mkanda, na fremu ya vyuma niliyoichomelesha kwa mafundi wa Mirongo, mjini. Inazungusha kipande cha mti, mimi naegemeza patasi, maranda yanaruka hadi kwenye nywele, na taratibu kitu cha mviringo kinajitokeza: bakuli, kopo la sukari, kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu. Siuzi. Nagawa, na vingine najiwekea tu. Ofisini wananicheka kwamba mtu mzima na mvi zake anachezea vijiti, nami huwaambia kweli, nachezea. Kazi yangu ni kutunza majalada. Mchana kutwa nafungua habari za watu wengine na kuzifunga. Nikishika patasi najiona na mimi nina langu.

Mwishoni mwa mwaka jana nilichukua likizo yangu yote kwa ajili ya gogo moja. Jirani alikuwa amekata mfenesi wake, akanipa kipande cha shina kinene kama ngoma. Mti wa mfenesi ukiwa mbichi una rangi ya njano ambayo sijaiona kwenye mti mwingine, na ukiuacha ukauke ukiwa mzima unapasuka. Unatakiwa uukereze ungali na maji yake, uupunguze unene haraka, kisha ukauke polepole. Nilipanga kutoa mabakuli sita, kubwa hadi dogo, yanayoingiana. Nikamtangazia mke wangu kwamba mwezi huo siendi popote, hata Kagera kwetu siendi, na mtu asinitume hata chumvi.

Siku ya pili ya likizo akaja mama mkwe.

Alitoka Sengerema na kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu ya sukari. Zamani safari ile ingemchosha kwa foleni ya kivuko pale Busisi. Siku hizi kuna daraja, gari linavuka kabla hujamaliza kusimulia jambo. Mke wangu alimpeleka hospitali moja kwa moja. Daktari akasema vidole viwili vya mguu wa kushoto vikatwe, na vikatwe mapema, kwa sababu uozo ule unapanda. Mama mkwe akaomba wiki moja ya kufikiri. Kwa hiyo alikuwa kwetu akifikiri: ama akatwe vidole, ama arudi kwake na kidonda chake, na kila mmoja wetu alijua akirudi nacho mwisho wake ni nini.

Sasa inabidi nieleze habari ya ukwe. Mimi ni Mhaya wa Kilutheri, na kwetu mama mkwe anaheshimiwa, unamsalimu umeinamisha macho, mambo yanakwisha. Kwao mke wangu si hivyo. Sijui Wasukuma wengine, lakini katika ukoo ule mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali chombo kimoja na hawasemeshani. Katika miaka kumi na minne ya ndoa nilikuwa nimeuona uso wake mara mbili, na mara zote kwa bahati mbaya. Mara moja tulikutana kwenye njia nyembamba nyumbani kwao, mimi nimevaa suti ya kwenda kanisani. Yeye akatumbukia kwenye mahindi upande huu, mimi nikatumbukia kwenye mihogo upande ule, tukasubiri kila mmoja mwenzake apite. Tulisubiri sana. Shemeji zangu wanaisimulia hadithi hiyo hadi leo, na kila mwaka mihogo inazidi kuwa mirefu.

Mke wangu ni mwalimu, anaondoka asubuhi na kurudi saa tisa. Watoto wako shule ya bweni. Akapanga: "Wewe utakuwa stoo kwako, mama atakuwa sebuleni, chakula nitaacha kwenye hotipoti. Hamtakutana."

Mpango mzuri, ila mama mkwe hakupenda sebule. Asubuhi ile ya kwanza, kama saa tatu hivi, nilikuwa stoo napanga patasi zangu, mashine sijaiwasha, nikasikia kitu kinaburutwa uani. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka kwenye kivuli cha jiwe, sawasawa mbele ya mlango wangu, ameketi ananipa mgongo na kuunyoosha mguu wenye bandeji kukatiza njia. Kando yake alikuwa kuku wa zawadi aliyetuletea, amefungwa kamba mguuni.

Nikakwama. Nyuma jiwe, mbele mama mkwe. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, kuuruka mguu wake, na mguu wa mtu haurukwi, sembuse wa mama mkwe, sembuse wenye kidonda. Niliwaza kukohoa ili ajue nipo. Lakini akijua nipo itambidi ainuke akimbie, mgonjwa wa watu, aanze kuchechemea kunikimbia mimi ndani ya nyumba yangu. Nikaona heshima ni kunyamaza. Nikakaa juu ya gogo langu la mfenesi na kunyamaza.

Alianza kuongea na kuku.

"Kuku wewe, umeyaona makubwa? Dakitari anataka vidole vyangu." Akacheka kidogo. "Wanangu wa kiume wanasema kata, mama, kata. Wako mbali, maneno ni rahisi. Binti yangu yeye analia tu. Mtu anayelia utamuuliza nini? Nani ataniambia mimi?"

Kuku hakusema kitu. Na mimi pia.

Alikaa hadi kivuli kilipoisha, karibu saa sita. Kwa muda wa karibu saa tatu sikuthubutu hata kupiga chafya, na vumbi la mbao ni adui mkubwa wa pua. Kilichonidhalilisha zaidi ni haja ndogo. Nilijikaza hadi machozi yakanitoka, kisha nikachukua kopo tupu la rangi na kufanya lililobidi, nikiinamisha kopo ili lisitoe sauti. Mimi, baba wa watoto wawili, ndani ya nyumba niliyoijenga kwa jasho langu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Mke wangu aliporudi akauliza siku yangu ilikwendaje. Nikamwambia nilishinda Mirongo natafuta msasa. Uongo huo ulinitoka wenyewe, kwa sababu ya lile kopo. Nani angesimulia?

Siku ya pili niliamka mapema nikawasha mashine. Gogo halikuwa la kusubiri, tayari nyufa ndogo zilikuwa zimeanza kuonekana upande mmoja. Nilijiambia nitakereza hadi saa mbili na nusu, kisha nitoke. Ila anayejua kazi hii anajua: mti ukishakubali, saa huzioni. Bakuli la kwanza lilikuwa linafunguka mbele yangu, njano, lina jasho, linanukia fenesi. Nikazima mashine nipime unene wa ukingo kwa vidole, na kabla sijaiwasha tena nikasikia mkeka unaburutwa.

Nikajipa moyo kwamba aliposikia kimya alidhani nimeshatoka. Nikakaa tena juu ya gogo.

"Kuku," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya taratibu, kila neno limewekwa mahali pake. "Katika nyumba hii kuna mtu mmoja ambaye si damu yangu, na si mgeni kwangu. Mimi nikikatwa sitarudi Sengerema kesho yake. Nitakaa hapa mwezi, labda miwili. Nitakula hapa, nitaogeshwa hapa, nitawanukia dawa hapa. Binti yangu atasema karibu mama. Ni mwanangu, aseme nini kingine? Lakini nyumba si yake peke yake. Mwenye nyumba akikubali, mimi nitakatwa. Asipokubali, nitarudi kwangu na mguu wangu kama ulivyo."

Kisha akabaki ameketi, mkono wake juu ya mgongo wa kuku.

Nikisema sikuelewa chochote nitakuwa mwongo. Lakini nilijiambia kwamba bibi mzee anaongea na kuku, kwamba mimi ni mdukuzi tu, nimesikia yasiyonihusu. Nilijiambia kwamba mkwe hasemeshwi na mkwe hasemeshani, hata nikitaka nitasemaje? Hayo yote ni kweli. Ila kuna lingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Aliposema mwezi, labda miwili, mimi nilitazama gogo langu. Nikaona likizo yangu yote, na baada ya likizo jioni zangu zote na Jumamosi zangu, nimefungiwa humu na kopo la rangi. Kuna mahali moyoni mwangu palisema: arudi kwake.

Siku ya tatu sina kisingizio. Mashine sikuiwasha kabisa. Niliingia stoo mapema, nikakaa, nikamsubiri, kwa sababu nilitaka kujua ataamua nini. Nilishika bakuli mapajani, naligeuzageuza tu.

Akaja. Akatandika mkeka wake.

"Kuku, leo ni siku ya tatu," alisema. "Sitauliza tena."

Akasubiri. Nami nikasubiri, nikitazama viganja vyangu. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kuku alikuwa anachakura chini, ndiyo sauti pekee iliyosikika uani kwetu.

"Haya," akasema hatimaye. "Nimesikia."

Akaukunja mkeka akaingia ndani, kabla kivuli hakijaisha. Njia ilikuwa wazi na mimi sikutoka.

Jumamosi mwanawe mkubwa alikuja na gari. Mke wangu alimsihi mama yake hadi sauti ikamkauka, nikiwasikia kutoka chumbani nilikojificha kama kawaida ya mkwe mwema. Wakaondoka. Mke wangu akaja akakaa ukingoni mwa kitanda na khanga yake mkononi.

"Amekataa," akasema. "Namuuliza kwa nini, ananiambia ameuliza na amejibiwa. Amemuuliza nani? Nani kamjibu? Hasemi. Mtu gani anaweza kumwambia mama yangu akafe?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote: mkeka, mguu, kuku, siku tatu, hata kopo la rangi. Nilitegemea atapiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Aliikunja tu khanga yake mapajani.

"Mama hakuwa anaongea na kuku," akasema. "Alikuwa anaongea na wewe."

"Na mimi tena? Si haturuhusiwi?"

"Ndiyo maana kukawa na kuku! Kwetu mkwe anasemeshwa kwa kupitia kitu. Kuku, mtoto, jiwe, chochote kilichopo. Anasema upande wake, wewe unajibu upande wako. Na ungetaka kukubali tu, ungegonga ubao. Mara moja. Ukinyamaza, umekataa. Ubao ulikuwa nao mkononi, baba watoto."

"Hukuniambia."

"Miaka kumi na minne umeoa kwetu, hujawahi kuuliza."

Wiki ile hatukusemeshana zaidi ya yale ya lazima. Nilijaribu kurudi kwenye kazi yangu na patasi ikanigomea, kila nilipoegemeza iliuma mti na kuurarua. Mabakuli matano sikuyafanya. Lile moja lilikauka vibaya, likapinda mdomo.

Jumapili iliyofuata mke wangu alivuka kwenda Sengerema peke yake. Alinisimulia baadaye kwamba njia nzima alikuwa akitafuta la kusema. Kumwambia mama yake kwamba Mhaya wake hajui mila ingekuwa kweli, lakini ni kweli inayotia aibu: mtu umeombwa mahali pa kuuguzwa, unasikia kwa masikio yako, unakaa kimya kwa sababu ya ujinga. Akaamua kuutumia ule uongo wangu mwenyewe. Akamwambia mama yake siku zile zote mimi sikuwepo. Nilishinda Mirongo natafuta msasa, kuku hakumfikishia mtu habari, na mwenye nyumba anasema aje, akae hata mwaka mguu ukitaka.

Mama mkwe alimtazama sana binti yake. Kisha akasema, "Kama hakuwepo, basi twende."

Lakini siku zilikuwa zimepita, na weusi ulikuwa umepanda. Vidole viwili havikutosha tena. Walimkata chini ya goti.

Amekaa kwetu tangu wakati huo. Huu ni mwezi wa tatu. Namkwepa kama desturi inavyotaka, na namkwepa kuliko inavyotaka. Nikisikia magongo yake yakigonga sakafu ya ukumbini naingia chumba chochote kilicho karibu, hata bafuni, na kusimama humo nikihesabu vigae. Nilimkerezea vishikio vya magongo kwa mabaki ya mfenesi, vya mviringo, vinavyojaa kiganja, nikampa mke wangu ampelekee. Jibu likarudi kwa njia ileile kwamba ni vizuri, havimchubui. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilizidi kujiona mwizi anayerudisha kijiko baada ya kuiba nyumba nzima. Kila anayeingia humu ndani ananishukuru kwa kumpokea mgonjwa. Mchungaji alinishukuru mbele ya mke wangu, na mke wangu akatazama chini.

Jana asubuhi, Jumamosi, mke wangu alikwenda sokoni. Mimi nilikuwa stoo, mashine imewashwa, nakereza mguu wa kigoda. Kupitia mlio wa mota nikasikia magongo yanakuja uani, kisha mkeka. Hajawahi kurudi kukaa pale tangu akatwe. Nikazima mashine. Nikagonga ubao mara moja, kwa nguvu, ajue nipo.

Safari hii hakukuwa na kuku.

"Jiwe wewe," akasema. "Nina neno moja tu. Binti yangu aliniambia siku zile tatu mwenye nyumba hakuwepo. Eti alikuwa Mirongo. Mimi nataka nisikie kwa mwenyewe. Alikuwa wapi?"

Nilisimama nyuma ya mlango ule na patasi mkononi. Kugonga ubao kusingesaidia, kwa sababu hilo halikuwa swali la ndiyo. Nikisema nilikuwa Mirongo, nitabaki mtu mwema na mke wangu atabaki mkweli, na tutaishi hivyo hivyo sote watatu hadi mmoja azikwe. Nikinyamaza, nilishajua kimya kinamaanisha nini. Nilihisi jiwe lile la nyuma limenisogelea mgongoni.

Nilitakiwa nimjibu jiwe. Sikuweza.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Nilikuwa humu ndani. Nilisikia yote, siku zote tatu, na sikujibu."

Hakuitikia salamu. Nikasikia watu wakipanda ngazi za jirani wakizungumza habari za maji kukatika. Aliposema tena hakumwambia jiwe.

"Najua, baba," akasema. "Ndala zako huwa unaziacha hapa nje. Zilikuwepo siku ya kwanza, zilikuwepo ya pili, zilikuwepo ya tatu. Kwani wewe ulidhani nilikuja kukaa mlangoni kwako kwa ajili ya kivuli?"